Wadogo Thelathini na Mmoja wa Bwana Kabambe

Nilikuwa nagonga namba za kurasa, nimefika ukurasa wa mia moja themanini na sita, wakati Bi Sikudhani Machupa aliponiuliza kama mashine ile haichoki.

"Haichoki," nikamjibu. "Ila wino ukiisha katikati, tunaanza upya."

"Tunaanza pale tulipoishia?"

"Ukurasa wa kwanza. Ndio utaratibu."

Akacheka, kicheko cha mtu anayedhani ametaniwa. Sikuwa namtania. Kanuni ya kumi na nne ya Tume ya Kulinda Fungu la Wadogo inasema kurasa za zabuni moja zigongwe kwa wino wa chupa moja, ili mdogo asije akaonewa kwa kuchanganyiwa rangi. Mimi ni karani wa masjala ya Tume, ghorofa ya tatu kati ya kumi na moja. Sikusoma sana. Kanuni nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma majalada ya watu waliokwisha kushindwa, na majalada hayo tunayo mengi.

Ni vizuri nieleze kidogo kuhusu nchi yetu. Bado haina jina. Zabuni ya kutafuta jina ilitangazwa mwaka ule wa uhuru, ikarudiwa mara nne kwa sababu ya kasoro ndogondogo, na mshindi hajapatikana. Katika wimbo wa taifa imeachwa nafasi. Tukifika hapo tunanyamaza kwa heshima, halafu tunaendelea. Lakini sheria tunazo, na ni nzuri. Mojawapo inasema kwamba katika kila kazi mia moja ambazo serikali inanunua, thelathini ni za wafanyabiashara wadogo peke yao. Mdogo ni mwenye wafanyakazi wasiozidi tisa. Anapewa Cheti cha Udogo, na pamoja na cheti anapewa kibanda katika Kiwanja cha Wadogo afanyie kazi yake.

Sharti ni moja tu. Ndani ya miaka mitatu awe amepata angalau kazi moja ya serikali. Asipopata, inadhihirika kwamba hakuwa mdogo wa kweli, na kibanda anapewa mdogo mwingine mwenye bidii zaidi.

Bi Sikudhani ni seremala. Ana mafundi sita na kibanda namba arobaini na nne. Siku ile ilikuwa tarehe tisa, na miaka yake mitatu ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi. Zabuni aliyoniletea ilikuwa ya madawati elfu tatu ya shule za Wilaya ya Magharibi, ambako watoto wanakaa kwenye sakafu ya saruji. Alikwisha omba zabuni kumi na moja kabla ya hiyo. Zote nilizigonga mimi.

"Kaka karani," akasema, "hebu niambie. Sisi wadogo kweli tunapata?"

"Kanuni zinasema mnapata."

"Nimekuuliza wewe. Kanuni sijaziuliza."

Nikaendelea kugonga. Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Mtu akikaa kazini miaka kumi na tisa akiona jambo lile lile, bado inafaa asubiri kidogo, huenda kuna maelezo.

*

Kesho yake zabuni zilifunguliwa katika ukumbi mkubwa. Zilikuwa thelathini na mbili, kwa hiyo viti vilipangwa thelathini na viwili. Wazabuni walioingia walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Bi Sikudhani, aliyefuatana na fundi wake mkongwe, Mbaruku, ambaye aliambiwa asimame nyuma kwa sababu hakuwa mzabuni. Wa pili alikuwa bwana mmoja mwembamba aitwaye Selenge, meneja wa Bwana Kabambe. Alibeba kiroba.

Bwana Kabambe anajulikana. Barabara inayopita mbele ya Tume aliijenga yeye, na jengo la Tume pia, na lifti ya Tume ambayo bado haijafika. Ana wafanyakazi elfu nne. Mtu asiyeelewa anaweza kujiuliza anatafuta nini katika fungu la wadogo. Hakuwemo. Waliokuwemo walikuwa Kabambe Dereva, Kabambe Mpishi, Kabambe Bustani, Kabambe Mlinzi wa Mchana, Kabambe Mlinzi wa Usiku, Kabambe Mama Mkwe, na wengine ishirini na watano, kila mmoja na cheti chake cha udogo, kila mmoja na mfanyakazi mmoja tu. Anwani yao ilikuwa moja. Mimi nilipoiona nilidhani ni watu wanaoishi kwa kuelewana.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Ndelwa, alisimama akauangalia ukumbi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Ndugu wazabuni," akasema, "nawaona. Nawaona mlivyofurika. Wapo wabaya wetu wanaosema wadogo wa nchi hii hawajitokezi. Waje leo! Waje waone thelathini na wawili! Ukumbi umejaa mpaka unatapika!"

"Kama huku ndiko kutapika," Mbaruku akasema kule nyuma, "basi ulilala na njaa."

Mheshimiwa hakusikia, au alisikia akasamehe. Akaniagiza niite majina watu waje kutia saini daftari la mahudhurio.

Nikamwita Kabambe Dereva. Bwana Selenge akatoa kofia ya udereva ndani ya kiroba, akaivaa, akaja, akatia saini, akarudi. Nikamwita Kabambe Bustani. Akavaa kofia ya majani, akaja, akatia saini. Tulikwenda hivyo kwa utulivu mpaka jina la tisa, Kabambe Mpishi, alipofika mezani na kofia ya ulinzi.

Mheshimiwa akapiga meza. "Simama hapo hapo! Wewe ni mpishi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mpishi gani anavaa kofia ya mlinzi? Unafikiri hapa ni mahali pa kuja kudanganya watu?"

Bwana Selenge aliivua kofia ile. Akaomba radhi, akarudi kwenye kiroba, akafukua mpaka akaipata kofia nyeupe. Mheshimiwa akaugeukia ukumbi. "Mmeona? Tume hii haina mchezo na udanganyifu. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu." Nikaandika.

Bi Sikudhani akanyoosha mkono. "Samahani, Mheshimiwa. Huyu si mtu mmoja?"

"Nani?"

"Huyu anayebadilisha kofia."

Mheshimiwa alivua miwani yake taratibu, kama anavyofanya akitaka kumfundisha mtu jambo kwa upole. "Mama yangu, Tume haiangalii sura ya mtu. Siku tutakapoanza kuangalia sura, tutakuwa tumeanza upendeleo. Sisi tunaangalia makaratasi. Makaratasi yapo thelathini na mawili. Sasa wewe unataka tufanye upendeleo?"

"Sitaki upendeleo, Mheshimiwa."

"Asante. Kaa."

Kisha ikaletwa chai. Chai ya wazabuni ni haki yao, imeandikwa, kikombe kimoja na maandazi mawili kwa kila mzabuni. Bwana Selenge akawekewa vikombe thelathini na kimoja na maandazi sitini na mawili. Kwa kuwa kanuni inakataza chai ya mzabuni mmoja kunywewa na mzabuni mwingine, ilimbidi abadilishe kofia kila anapohamia kikombe kinachofuata. Alipofika cha kumi na tatu alikuwa anahema. Cha Bi Sikudhani kilikuwa cha mwisho kwenye orodha. Kilimfikia kimepoa, na maandazi yalikuwa yamekwisha.

"Chukua yangu mawili, mama," Bwana Selenge akamwambia kwa huruma. Si mtu mbaya.

"Ya nani hayo?" akauliza Mbaruku. "Ya mpishi au ya mama mkwe?"

*

Kamati ya tathmini ilikaa siku tisa, kwa sababu posho ilikuwa ya siku tisa. Kila mzabuni alitakiwa alete dawati moja la mfano.

Dawati la Bwana Selenge liliingia kwa mlango wa mbele, likapimwa kwa niaba ya Kabambe Dereva, likatoka kwa mlango wa nyuma, likazunguka jengo, likaingia tena kwa mlango wa mbele kwa niaba ya Kabambe Bustani. Wabebaji wawili walifanya hivyo siku mbili. Ubavuni lilikuwa na maandishi ya rangi nyeupe, SHULE YA MSINGI, na jina la shule lilikuwa limekwanguliwa kwa kisu. Nikamwonyesha mpimaji. Akasema vizuri, inaonyesha mzabuni ana uzoefu na shule.

Nikafikiria jambo hilo jioni nzima. Nilikuwa natafuta maelezo mengine mbali na yale yaliyokuja kichwani kwanza, kwamba mahali fulani kuna watoto waliofika darasani asubuhi wakakuta dawati lao halipo. Sikuyapata.

Mpimaji alipolikalia dawati lile, mguu mmoja ulitoka na yeye akafika chini. Akainuka, akajipangusa, akaandika: "Linakunjika, hivyo linaokoa nafasi. Alama kumi."

Dawati la Bi Sikudhani lilikaliwa na wajumbe wanne kwa pamoja. Halikulia. Wakasimama juu yake. Kwa kuwa lilikuwa imara, fundi wa umeme alilitumia kubadilisha taa tatu za dari, na baadaye mhudumu wa ofisi akaliazima kuwekea birika. Mpimaji akaandika: "Halikunjiki. Alama kumi ikikumbukwa msaada wa taa."

Zabuni zote thelathini na mbili zikapata alama sawa. Mheshimiwa Ndelwa akasema hiyo ndiyo maana ya usawa, na kwamba hakuwahi kuiona kwa usafi kiasi kile. Ikabaki kupiga kura ya bahati. Majina yakaandikwa kwenye vikaratasi, vikatiwa ndani ya kikapu, na tarehe ishirini na mbili wazabuni wakaitwa tena ukumbini. Karatasi thelathini na moja zilikuwa za kina Kabambe. Moja ilikuwa ya Bi Sikudhani.

Mheshimiwa akafumba macho, akatia mkono, akakoroga, akatoa karatasi. Akaifungua. Akaigeuza upande wa pili, ambako hapakuwa na kitu. Akairudisha, akaisoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Soma, Mheshimiwa," akasema mjumbe mmoja.

"Sikudhani Machupa."

Kisha Mbaruku akapiga kigelegele. Mzee wa miaka sabini, mwanamume, na kigelegele chake kilikuwa kibaya, kama mlango uliokosa mafuta, lakini alikipiga mpaka pumzi ikamwishia. Bi Sikudhani alikaa ameshika mbao ya kiti kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kiti kisije kikaondoka.

Bwana Selenge akanyoosha mkono. Akavaa kofia ya udereva. "Mimi Kabambe Dereva nimeumia." Akavaa ya majani. "Mimi Kabambe Bustani nimeumia sana." Ilichukua dakika arobaini. Alipofika kwa Kabambe Mama Mkwe alijifunga kitenge kichwani akajaribu kulia, lakini alikuwa amechoka na machozi hayakutoka, akaomba iandikwe kwamba amelia.

Mheshimiwa Ndelwa aliinamisha kichwa. Alipokiinua alikuwa na uso wa mtu aliyelemewa na mzigo wa taifa.

"Ndugu zangu, wahenga walisema wengi wape. Mimi niliapa kuwalinda wadogo. Wadogo, kwa wingi! Sasa tazameni. Mdogo mmoja anachekelea, wadogo thelathini na mmoja wameumia, na mmoja wao ni mama mkwe. Hiyo ni haki? Nitasimama mbele ya taifa niseme niliwatupa thelathini na mmoja kwa ajili ya mmoja? Kura ya bahati haina macho. Sisi tunayo."

"Siku ile ulisema hamuangalii sura," akasema Bi Sikudhani. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Hatuangalii sura, mama. Tunahesabu vichwa."

Akatangaza kwamba kazi inakwenda kwa Umoja wa Wadogo Waliokata Tamaa, mwenyekiti wake Kabambe Dereva. Wajumbe wakapiga makofi. Bi Sikudhani akasimama.

"Na kibanda changu?"

"Leo ni tarehe ngapi?" Mheshimiwa akaniuliza.

"Ishirini na mbili."

"Una siku nane, mama. Usikate tamaa mapema hivyo. Wengine hawana hata siku nane."

*

Kanuni ya sitini na moja inasema jalada la zabuni halifungwi mpaka kila mzabuni atie saini Fomu ya Kuridhika. Bwana Selenge alitia zake thelathini na moja siku ile ile, mkono wake ukiwa umefungwa kitambaa. Ya Bi Sikudhani nilitumwa niipeleke mwenyewe.

Nilimkuta kibandani anapiga randa. Hakuinua uso. Mafundi walikuwa wanafanya kazi bila kuzungumza, na Mbaruku alikuwa amekaa juu ya gogo anapiga msasa mguu wa kitanda cha mtu.

"Karibu, bwana haki," Mbaruku akaniambia. "Umekuja na kofia gani leo?"

"Mwache," Bi Sikudhani akasema. "Huyu ni mbeba karatasi tu. Kaa, kaka."

Nikakaa. Akanieleza kwamba Bwana Selenge alikuwa amekwisha kufika asubuhi, bila kofia. Umoja wa Wadogo Waliokata Tamaa haukuwa na seremala hata mmoja. Ulikuwa unamwomba yeye atengeneze madawati yote elfu tatu kwa theluthi ya bei waliyopewa na serikali, kisha kila dawati lichomwe chapa ya Kabambe. Akikubali, ataruhusiwa kubaki kibandani kama mgeni. Kibanda chenyewe kilikuwa kimekwisha kugawiwa Kabambe Mama Mkwe.

"Na yeye ana kazi gani ya kibanda?" nikauliza.

"Ana umri wa miaka tisini na moja," akasema Mbaruku. "Labda anataka kujifunza ufundi."

Nikatoa fomu, nikaiweka juu ya meza ya randa, nikamwonyesha mahali pa saini. Akapangusa mikono. Akaisoma yote, kuanzia namba ya fomu mpaka jina la mchapaji chini kabisa. Watu hawaisomi fomu ile; hata yeye zile kumi na moja za nyuma alizitia saini bila kuzisoma.

"'Mimi niliyetaja jina hapo juu nimeridhika, na nashukuru kwa nafasi ya kushindwa,'" akasoma. "Mmeandika wenyewe hivi?"

"Imeandikwa zamani."

"Kaka karani, mjukuu wangu yuko darasa la pili, shule ile unayoiona pale nyuma ya ukuta. Anaandika amelala kifudifudi. Wako themanini na saba kwenye chumba, wote kifudifudi kama samaki waliokaushwa. Sketi yake ya shule imetoboka mbele, kwenye tumbo. Mtoto gani nguo inamtoboka tumboni? Nimeitia viraka mara tatu. Na mbao hizi hapa, na mafundi hawa hapa, na mimi nimeitwa jina langu mbele ya watu. Halafu niseme nimeridhika?"

"Ukiyatengeneza kwa Bwana Selenge, watoto watakaa," nikasema. Nilisema kwa nia njema. Nilitaka kuona pande zote.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Watakaa. Na mwaka kesho watu hao hao watakwenda kuchukua tender ya meza, na ya vitanda vya hospitali, na ya majeneza, na sisi tutakuwa wageni ndani ya vibanda vyetu tunawachongea. Watoto hawakukalishwa chini na mimi, kaka. Usinibebeshe aliyewakalisha."

Mbaruku aliacha kupiga msasa.

"Nataka fomu ya kutoridhika," Bi Sikudhani akasema.

Nikafungua mkoba wangu, ingawa nilijua.

"Haimo," nikasema.

"Iko wapi?"

"Nitaitafuta."

*

Nimeitafuta siku mbili, rafu kwa rafu. Tuna Fomu ya Kuridhika, Fomu ya Kuridhika Sana, Fomu ya Kuridhika kwa Niaba, Fomu ya Kuridhika kwa Mzabuni Asiyejua Kusoma, na Fomu ya Kuridhika kwa Marehemu. Hiyo ya mwisho imechapwa kwa wingi kuliko zote, na inajazwa na ofisi.

Nikapanda ghorofa ya kumi na moja kwa ngazi, nikamweleza Mheshimiwa Ndelwa.

"Karani," akasema, "kwa miaka kumi na tisa hakuna mzabuni hata mmoja ambaye hakuridhika na Tume hii. Takwimu zipo. Unajua maana yake?"

"Hapakuwa na fomu, Mheshimiwa."

"Maana yake hakuna aliyeomba!"

"Wangeomba kwa fomu ipi?"

Halafu akazungumza kwa upole zaidi, na upole wake ndio watu wanaouogopa. "Wewe una mwandiko mzuri. Chukua ile ya Kwa Niaba. Mwandikie kwamba ameridhika. Tufunge jalada, yule mama mkwe apate kibanda chake, watoto wapate madawati. Au wewe hupendi watoto?"

Nilishika ile fomu, nikateremka nayo ghorofa nane. Nikaiweka mbele yangu. Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia kwamba kazi yangu ni kupanga karatasi, na kwamba anayepanga karatasi hamuonei mtu. Nikafungua makabati ya nyuma yangu. Nikatoa majalada ya Bi Sikudhani kumi na moja, halafu ya mfuma mikeka, halafu ya kikundi cha watengeneza sabuni ambao walikuja kwa miaka minne wakiwa wamevaa sare. Kwenye kila jalada kulikuwa na Fomu ya Kuridhika. Kwenye kila fomu mhuri ulikuwa umegongwa vizuri, umenyooka, haukuchafua. Niliugonga mimi.

Sikumbuki kukasirika hivyo tangu nizaliwe. Sikupiga meza. Niliichana ile Fomu ya Kuridhika kwa Niaba vipande vinne vilivyo sawa, nikaitia kapuni, nikafungua kitabu cha kanuni ukurasa wa kwanza nikaanza kusoma.

Ilikuwa kanuni ya mia mbili na tatu, kifungu cha mwisho, kilichowekwa zamani kwa ajili ya vituo vya mbali: "Fomu isipokuwepo, karani wa masjala ataichora kwa mkono, kwa rula, nakala sita, mistari ikiwa imenyooka. Hadi atakapomaliza, jalada litahesabiwa kuwa wazi." Na jalada likiwa wazi, hakuna kazi inayoanza wala kibanda kinachobadilisha mwenyewe. Hilo nalijua bila kusoma.

Mheshimiwa alipoletewa habari aliteremka mwenyewe mpaka ghorofa ya tatu. Hakuwa amewahi kufika hapo. Alikuwa anahema kwa sababu ya ngazi, na Bwana Selenge alikuwa nyuma yake na kiroba.

"Utamaliza lini upuuzi huu?"

"Kanuni imesema mistari inyooke, Mheshimiwa."

"Nimekuuliza lini!"

"Mimi si mwepesi wa mkono."

"Nitakuhamishia kituo cha mpakani. Unakijua kituo cha mpakani?"

"Nimekisikia. Mpaka wenyewe bado uko kwenye zabuni." Nikapuliza vumbi la penseli. "Barua ya uhamisho nitaipokea, Mheshimiwa. Ikishagongwa itapita hapa hapa masjala, niiweke kwenye foleni."

Bwana Selenge alikohoa kuficha kicheko. Mheshimiwa akamgeukia kwa ukali, akakuta meneja wa watu thelathini na mmoja ameinama anatafuta kofia ambayo haikuwepo.

Hiyo ilikuwa jana. Leo ni tarehe thelathini. Asubuhi Bi Sikudhani alikuja kuangalia nimefikia wapi, na Mbaruku, na mafundi wake. Nyuma yao alikuwepo mfuma mikeka. Sijui nani aliyewaambia. Kufikia saa nne watengeneza sabuni walikuwa kwenye ngazi, na fundi viatu mmoja ambaye jalada lake nililifunga mwaka wangu wa kwanza kazini. Alikuwa kijana wakati ule. Mbaruku alijiweka mlangoni kama msimamizi, akawa anamwuliza kila anayefika: "Wewe ni mtu mmoja? Una hakika?" Kufikia saa saba mstari ulikuwa umetoka nje ya jengo, umeshika barabara ya Bwana Kabambe.

Kila mmoja alitaka fomu yake.

Nimechora jina. Nimechora namba ya cheti, tarehe, na kazi aliyoiomba. Nimeweka mahali pa saini. Kisha nikafika kwenye sehemu ambayo haimo katika Fomu ya Kuridhika hata moja, kwa sababu aliyeridhika haulizwi sababu, na hapo sikuwa na mfano wa kuufuata. Nikamwita Bi Sikudhani aje mezani.

"Dada, hapa kwenye sababu. Niachie mistari mingapi?"

Akaangalia ile karatasi. Akageuka akaangalia mlango, na ngazi, na watu walioketi kwenye ngazi mpaka chini.

"Ukurasa utatosha mistari mingapi?"

"Thelathini na mmoja, nikibana."

"Bana," akasema.

Saa tisa na nusu kengele ya kufunga ofisi imelia. Nakala ya kwanza nimefikia mstari wa saba wa sababu, na zimebaki nakala tano ambazo sijazigusa. Nimewatangazia watu waje kesho. Wachache wameondoka. Wengine wameuliza tunafungua saa ngapi, na nilipowaambia saa mbili kamili wamesema basi hakuna haja ya kwenda mbali.

Nimefuta rula kwa kitambaa. Kesho naanza mstari wa nane.